Shinikizo la Damu Si Jina la Maradhi
Vitabuni na magazetini, istilahi 'shinikizo la damu' hutumiwa mara nyingi kama jina la maradhi. Matumizi hayo hatuyakubali. Kila aliye hai ana shinikizo la damu. Maradhi ni kuzidi au kupungua kwake. Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya kutimia majuma 37 ya mimba, hupimwa mapigo ya moyo na shinikizo mara kwa mara, na linalohofiwa mara nyingi ni kushuka. Mama akiambiwa kwamba mwanawe 'ana presha', hudhani imepanda. Tunapendekeza istilahi hiyo ibaki jina la kipimo. Maradhi yaitwe 'shinikizo la juu' au 'shinikizo la chini', ili mzazi aelewe hasa anachoambiwa.