Majani yaleyale, dawa mbili

Mwenye utando mweupe mdomoni, katika wilaya za Ngara au Biharamulo mkoani Kagera, akienda kwa mganga hupewa majani ya kuchemsha kwa maji, au mabichi yaliyotwangwa na kukamuliwa. Atasukutua, atatema, pengine atameza kidogo. Vidonda vya ngozi navyo hubandikwa majani yaliyopondwa.

Maabara ikiyapokea majani hayo huyaanika kivulini, huyasaga, huyaloweka siku nzima au zaidi katika pombe kali kama ethanoli au methanoli, huyachuja, kisha huivukiza pombe mpaka yasalie mabaki yenye kunata. Mabaki hayo ndiyo hupimwa dhidi ya Candida albicans, fangasi wa utando ule. Mwishoni huandikwa kwamba dawa ya mganga imefanya kazi, au haikufanya. Hapo ndipo ninaposhikilia: iliyopimwa si dawa ya mganga.

Tuanze na mjafari, mti wa nyika ambao vijiti vyake hutafunwa kama mswaki. Magome yake yana alkaloidi nyingi, na baadhi zina chaji ya umeme, kwa hiyo huyeyuka vizuri katika maji. Mtu akichemsha gome, nyingi hutoka. Kwa mti huu, sufuria na pombe ya maabara havitofautiani sana.

Umuravumba ni habari nyingine. Warundi na Wanyarwanda, jirani na ndugu wa lugha wa Wahangaza wa Ngara, huuita hivyo mmea wenye majani ya kunukia ambao wanabotania wanauita Tetradenia riparia. Katika miaka ya 1980 Luc Van Puyvelde na wenzake waliokuwa Butare, Rwanda, walikipata ndani yake kiambato cha jamii ya diterpini kinachozuia bakteria na fangasi. Kazi nzuri sana. Lakini diterpini hiyo inapenda mafuta kuliko maji. Pombe huitoa kwa urahisi, maji huitoa kwa shida. Mafuta yake ya kunukia nayo hupaa na mvuke, katika sufuria isiyofunikwa na katika mtambo wa kuvukizia pombe vilevile. Anayeyakamua majani mabichi bila moto huenda anahifadhi kitu ambacho maabara imekipoteza kabla ya kuanza kupima.

Kisha kuna sahani ya agar, jeli ya kuoteshea fangasi. Unatoboa tundu, unatia dawa, unasubiri duara tupu lijitokeze palipokosa fangasi. Kitu chenye mafuta hakisambai vyema kwenye agar yenye maji, hivyo duara dogo laweza kuwa kosa la sahani, si la mmea. Kwa sababu hiyo naamini zaidi njia ya sahani ya visima vidogo 96, dawa ikipunguzwa nusu kwa nusu hadi kiwango cha chini kabisa kinachozuia ukuaji. Hata hapo, fangasi hukaa na dawa saa 24. Mgonjwa husukutua dakika mbili.

Haya yana uzito Kagera, mkoa ambako wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, na ambako utando wa mdomoni na mkanda wa jeshi vilifuata. Mwaka 2007 Daniel Kisangau na wenzake walichapisha orodha ya aina 75 za mimea inayotumiwa Bukoba Vijijini kwa magonjwa nyemelezi. Orodha kama hiyo ni hazina, na kila mmea humo ulistahili kupimwa kama unavyotumiwa.

Jaribio ninalolitaka halina gharama kubwa. Majani ya shamba moja, yaliyochumwa siku moja, yagawanywe mafungu matatu: moja lichemshwe kwa maji huku limefunikwa, la pili likamuliwe bichi, la tatu liende kwenye pombe. Yapimwe yote kwa visima vilevile, dhidi ya fangasi waliochukuliwa kwa wagonjwa wa Ngara na Biharamulo pamoja na wale wa kununuliwa. Fangasi waguswe na dawa dakika mbili, wasafishwe, ndipo wahesabiwe. Na maji ya mganga yaliyochemshiwa majani yawekwe kwenye friji, si kutupwa.