Dhana Zisizotajwa katika Maswali ya Mantiki

Tuchukue swali hili, nililolitunga kwa mfano wa yale yaonekanayo katika mitihani ya kupima fikra: "Wakulima wa Mbinga hulima kahawa. Komba ni mkulima wa Mbinga. Je, Komba hulima kahawa?" Mtunzi ataka jibu la "ndiyo". Mwanafunzi wa Umatengo, ajuaye majirani walimao mahindi na maharage tu katika ngoro zao, akijibu "haijulikani", huhesabiwa kuwa amekosa. Je, ni yeye aliyekosa?

Kiambishi hu- chaonyesha desturi, hakisemi "wote". Twasema kwamba wavuvi wa Mbamba Bay huvua usipa usiku kwa taa, wala hatukusudii kwamba hapana ye yote avuaye mchana. Basi jibu la mtunzi lasimama juu ya dhana asiyoitaja, kwamba kila mkulima, asibaki hata mmoja, hulima kahawa. Mwanafunzi amekisoma Kiswahili kama kilivyoandikwa.

Njia ya kuifichua dhana ya namna hii ni kuikanusha, kisha kutazama kama hoja yasimama bado. Kwa mfano: "Ngoro huzuia maji yasichukue udongo wa miteremko ya Umatengo. Kwa hiyo wakulima wa Liuli nao wachimbe ngoro." Tukikanusha kwamba mashamba ya Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, yana miteremko ya namna ile ile, hoja yaanguka mara moja. Swali likimtaka mwanafunzi aitaje dhana hiyo, lampima kwa haki.

Miaka ya 1931 na 1932 A. R. Luria aliwauliza wakulima wa Uzbekistan rangi ya dubu wa mbali kaskazini, baada ya kuwaambia kwamba dubu wote wa nchi ya theluji ni weupe. Wengi walikataa kusema juu ya wanyama wasiowaona. Hapo neno "wote" lilikuwapo. Kilichofichwa ni sharti la mchezo wenyewe, kwamba msikilizaji ayakubali maneno ya mgeni kuwa kweli.

Kwa hiyo watunzi wetu hawana budi kufanya mambo mawili: kuandika "kila" au "wote" wanapokusudia hivyo, na kutanguliza "Ikiwa maneno haya ni kweli". Bila hayo, mtihani wapima mazoea ya kuwajua watahini, na mtoto mwangalifu wa Mbinga ndiye aonekanaye mjinga.