Chuku na Mgawanyo wa Ushujaa katika Filamu ya Kung Fu Hustle

Filamu ya Kung Fu Hustle, iliyoongozwa na Stephen Chow wa Hong Kong na kutolewa mwaka 2004, imetawaliwa na chuku. Mama mwenye nyumba anamkimbiza kijana Sing barabarani hadi miguu yao inazunguka kama gurudumu la katuni. Mayowe yake huwapeperusha maadui kama makapi. Ni rahisi kuihesabu kazi ya namna hii kuwa burudani tupu. Hata hivyo, raha anayoipata mtazamaji haitokani na wingi wa chuku peke yake, bali na jinsi chuku hiyo inavyogawiwa wahusika na mahali inapoacha kuchekesha.

Mandhari ni Shanghai ya kabla ya mapinduzi ya 1949, katika mtaa wa makabwela ambao Genge la Mashoka halikuujali kwa kuwa haukuwa na cha kuporwa. Katika masimulizi ya kishujaa, mathalani yale ya Fumo Liyongo, nguvu zipitazo za kibinadamu hutengewa shujaa mmoja. Chow anazigawa kwa hamali, kwa mpika uji na maandazi, na kwa fundi cherehani ambaye mama mwenye nyumba humdhihaki kwa mwenendo wake wa kike. Fundi huyo ameigizwa na Chiu Chi-ling, ambaye ni mwalimu wa kweli wa kung fu; bangili za chuma mikononi mwake si kichekesho hata kidogo. Mama mwenye nyumba mwenyewe (Yuen Qiu), mwenye rola kichwani na sigara mdomoni, anatambulishwa kama mnyanyasaji anayewafungia wapangaji maji. Mtazamaji anayemcheka hapo baadaye analazimika kukisahihisha kicheko chake.

Sahihisho hilo linafanyika usiku, wauaji wawili wanapoketi na ala yao ya nyuzi. Kila mlio unageuka upanga. Hamali ameshafukuzwa mtaani na anaondoka zake. Kichwa chake kinaanguka kabla hajajua kuwa ameshambuliwa. Sauti inayokata shingo ni chuku sawa na zilizotangulia, lakini hapa hakuna anayecheka. Baada ya vifo hivyo ndipo inapofahamika kwamba mama mwenye nyumba na mumewe walifiwa na mtoto wao kwa sababu ya mapigano, wakaapa kutopigana tena. Kilichoonekana kuwa woga na uchoyo kinageuka matanga yasiyokwisha. Mbinu hii imetayarishwa tangu onyesho la kwanza: mwanamke anaambiwa aende zake, anapigwa risasi mgongoni, kisha genge linacheza dansi. Dansi inapendeza, na maiti ingali machoni.

Udhaifu mkubwa wa filamu uko kwa Sing. Wazee wa mtaa wana ujuzi ulioacha alama katika miili yao. Yeye anaupata kwa jaala, baada ya kupigwa na Zimwi hadi mifupa kuvunjika. Kwa hiyo katika pambano la mwisho, anaposhuka kutoka mawinguni na kiganja chake kuacha alama kubwa ardhini, chuku inarudishwa kwa shujaa mmoja, na majirani wanabaki watazamaji. Fong, muuza aiskrimu aliye bubu, hapewi hata nafasi hiyo. Amehifadhiwa pamoja na pipi yake ya kijiti kama kumbukumbu ya wema wa Sing. Ikilinganishwa na uhai wa mama mwenye nyumba, taswira hii ya mwanamke ni hafifu mno.

Onyesho la mwisho linapunguza kasoro hiyo kwa kiasi. Ombaomba aliyemuuzia Sing kijitabu cha mbinu za mapigano utotoni anamsimamisha mtoto mwingine barabarani. Safari hii mkononi ana vijitabu kadhaa, naye amevitandaza ili mtoto achague.