Sindano Inayosubiri Pumzi

Eksirei ikionyesha doa pafuni, huku kwetu wengi huwaza kwanza kifua kikuu, na mara nyingi ndicho. Doa linalogoma kupungua hata baada ya dawa humfikisha mgonjwa kwenye CT-Scan, na picha zake mezani kwa daktari bingwa wa radiolojia.

Haanzi na doa. Anateremka na picha kipande kwa kipande, kila kimoja na unene wa milimita moja hivi, toka chini ya shingo hadi kwenye ini na tezi zilizokaa juu ya figo, maana huko nako saratani ya mapafu hupenda kuhamia. Anabadili mwanga wa skrini: mara mapafu na mishipa yake, mara moyo na tezi za katikati ya kifua. Tezi iliyofika milimita 10 kwa upana wake mfupi anaiwekea alama. Mwisho ndipo anaufikia uvimbe wenyewe, umetoa miiba pande zote kama shokishoki. Bado hatamki saratani. Jina hilo litatolewa na kinyama kitakachochukuliwa humo kwa sindano.

Mgonjwa analazwa tena mashineni, ngozi inachorwa alama, ganzi inachomwa. Sindano inapitishwa juu ya ubavu, kamwe si chini yake, kwani chini ya kila ubavu hupita mishipa ya damu na ya fahamu. Kabla ya kugusa pafu, daktari anasimama. Picha. Anarekebisha pembe kidogo sana. Picha tena.

Uvimbe nao haukai mahali pamoja; hupanda na kushuka na pumzi. Mgonjwa amekwishafundishwa kuvuta hewa kwa kiasi kilekile kila mara, na mkono unamsubiri. Utando wa pafu unatobolewa mara moja tu, kwa sababu kila tundu ni nafasi nyingine ya hewa kuvuja. Sindano ni mbili, moja ndani ya nyingine. Ya nje inabaki palepale. Ya ndani inaingia na kutoka, ikileta vinyama vyembamba kama uzi ambavyo vinatumbukizwa kwenye fomalini. Ufundi wa kutumia tundu moja kwa vipande kadhaa ndio ninaouvulia kofia.

Saa chache baadaye hupigwa eksirei. Hewa kidogo iliyovuja aghalabu huisha yenyewe. Ikizidi, huwekwa mrija. Wengi hulala nyumbani kwao usiku huohuo.