Riwaya Ikisomwa, Ngoma Ikichezwa: Murambi, Fagaala na Suala la Lugha Jukwaani

Usiku wa fasihi unaokutanisha usomaji wa riwaya na uchezaji wa ngoma una kishawishi chake. Ni rahisi ngoma kugeuzwa kitoweo: msomaji anaposhusha kitabu, wachezaji huingia ili hadhira ipumue. Makala haya yanaupinga mgawanyo huo wa kazi kwa kuzitazama kazi mbili zinazohusu Rwanda, riwaya Murambi na ngoma Fagaala iliyotokana nayo. Hoja kuu ni kwamba kila sanaa ina jambo ambalo nyingine haiwezi kulitenda, na kwamba ngoma, hata ikiwa bora namna gani, haiwezi kuziba pengo la lugha ambayo hadhira haiielewi.

Riwaya ya Boubacar Boris Diop, mwandishi wa Senegali, ilitoka mwaka 2000 kwa Kifaransa kwa jina Murambi, le livre des ossements, yaani Murambi, kitabu cha mifupa. Ilitokana na mradi wa mwaka 1998 uliowakutanisha waandishi wa Kiafrika, akiwemo Mkenya Meja Mwangi, kuandika kuhusu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Diop hakutumia sauti moja. Masimulizi yamegawiwa watu mbalimbali: muuaji, mpelelezi, mtu anayewindwa, afisa wa jeshi la Ufaransa. Miongoni mwao yumo Cornelius Uvimana, mwalimu wa historia anayerejea kutoka Djibouti na kugundua kwamba baba yake, Daktari Joseph Karekezi, ndiye aliyepanga maangamizi katika shule ya ufundi ya Murambi, ambamo mama na ndugu zake Cornelius waliuawa.

Muundo huo unaifanya riwaya ifae kusomwa kwa sauti, kwa kuwa kila msimulizi huja na hoja yake na kuondoka. Hata hivyo, riwaya yenyewe inalitilia shaka jukwaa. Cornelius amerudi nyumbani akiwa na nia ya kutunga tamthilia ya kejeli kuhusu mauaji hayo, kisha anaiacha. Baada ya kuyaona mabaki ya waliouawa, michezo ya kisanaa inamwonekea haina uzito. Anayetaka kuipandisha riwaya hii jukwaani ni lazima kwanza ajibu swali hilo la mhusika.

Jibu la Germaine Acogny wa Senegali na Kota Yamazaki wa Japani linastahili kuzingatiwa. Katika Fagaala, iliyochezwa na kundi la Jant-Bi na kutunukiwa tuzo ya Bessie jijini New York mwaka 2007, watunzi hao hawakukusudia kuonyesha matukio ya riwaya kwa mfuatano wake. Walikutanisha uchezaji wa Afrika Magharibi na buto, sanaa ya Japani iliyochipuka baada ya Vita Kuu ya Pili na inayoukubali mwili uliojikunja, unaotetemeka, usiotaka kupendeza. Wachezaji walikuwa wanaume watupu, ilhali riwaya imewapa wanawake, hasa Jessica, nafasi kubwa. Uamuzi huo una faida yake: mwili uleule unaweza kutisha na kisha kuogopa, na mtazamaji ananyimwa raha ya kuamini kwamba muuaji ni kiumbe wa namna nyingine. Ngoma hapa haiielezi riwaya. Inakaa pale ambapo maneno yalimwishia Cornelius.

Hata hivyo, mafanikio hayo yana gharama. Mwili unaoanguka jukwaani hauna jina, wala hauna cheo, wala hauna tarehe. Riwaya inamtaja Karekezi, inaeleza elimu yake, mali yake na hesabu zake za kisiasa. Inauliza pia wajibu wa Ufaransa. Ngoma ikisimama peke yake humpa mtazamaji maumivu bila mtuhumiwa, na maumivu ya namna hiyo hugeuka kwa urahisi kuwa huruma ya jumla kuhusu Afrika. Hapa ndipo usomaji unapohitajika: unarudisha majina na wajibu, nayo ngoma inarudisha uzito wa miili. Kuzikutanisha kazi hizi mbili katika usiku mmoja kuna maana pale tu kila moja inapoachiwa kazi hiyo yake.

Lakini majina na wajibu hurudishwa kwa lugha gani? Riwaya iliandikwa kwa Kifaransa. Jina la ngoma ni la Kiwolof na maana yake ni mauaji ya kimbari. Waliouawa walizungumza Kinyarwanda. Diop mwenyewe amehusisha safari ya Rwanda na uamuzi wake wa kuandika kwa lugha ya mama, na riwaya yake ya Kiwolof, Doomi Golo, ilitoka mwaka 2003. Mwandishi alilitambua tatizo ambalo waandaaji wa hafla wanaweza kulikwepa kwa kisingizio kwamba ngoma inaeleweka na wote. Kurasa zikisomwa kwa Kifaransa mbele ya wasikilizaji wa Bujumbura, Bukavu au Kigoma wasiokijua, kisha ngoma ikafuata, wengi wao watakuwa wameona kilio bila kusikia shtaka.

Kwa washauri wa sera, mambo matatu yanafuata. Kwanza, bajeti ya usiku wa fasihi ianze na tafsiri ya kurasa zitakazosomwa: Kinyarwanda kwa hadhira ya Rwanda, na Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi nchini humo pia, kwa hadhira mchanganyiko ya ukanda huu. Pili, mtunzi wa ngoma apewe riwaya nzima mapema, si dondoo za programu. Tatu, majina yatangulie miili: usomaji ufungue, ngoma ifuate, na baada yake pawe na muda wa ukimya kabla ya mjadala.

Methali husema mcheza kwao hutunzwa. Kutunza huko kunatokana na kujua: watazamaji wanamfahamu mchezaji na wanafahamu kinachochezwa. Pasipo lugha inayoeleweka, usiku wa fasihi utawapa wachezaji makofi, na riwaya itabaki imefungwa mezani.