Ufundi wa Kupima Kosa

Mtu wa Awendo, kule Migori, humfundishi maana ya ligi. SoNy Sugar, timu ya soka ya kiwanda cha sukari cha mji huo, ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2006, na ubingwa wa ligi hauji kwa bahati ya Jumapili moja. Wala mtu wa Homa Bay humwelezi mtoano: timu hufunga safari kutoka Mbita, ikafungwa bao moja, ikarudi nyumbani kabla jua halijatua. Lakini wapeleke mashabiki hao hao kwenye viwanja vya gofu vya Kisii au Kisumu, watakuambia mchezo huu haueleweki. Unaeleweka. Kinachowachanganya ni kwamba mchezo ni mmoja, mizani ni mingi, na kila mizani hulipima kosa kwa namna yake.

Tuchukue kosa moja tu. Mchezaji yuko kwenye shimo la mikwaju minne, yaani linalotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju minne. Mpira wake wa kwanza unaingia kichakani. Anautoa, unatua mchangani. Anaufukua mara mbili, tatu, na hatimaye anautumbukiza shimoni kwa mkwaju wa tisa. Je, tisa hiyo ina uzito gani?

Katika mashindano ya kujumlisha mikwaju, uzito wake ni wote. Ndivyo ichezwavyo Kenya Open, iliyoanza mwaka 1967: kwa kawaida mashimo 72 kwa siku nne, na mwenye mikwaju michache zaidi ndiye bingwa. Mikwaju mitano ya ziada ataibeba hadi jioni ya mwisho. Hii ni ligi kwa ukali wake wote.

Katika mchuano wa shimo kwa shimo, tisa hiyo imempotezea shimo moja, basi. Mpinzani apige nne au nane, hesabu ni ile ile, na kwenye shimo linalofuata wanaanza upya. Michuano ya Ryder Cup, iliyoanza mwaka 1927, hutumia mizani hii, na ndiyo maana mchezaji aliyevurunda asubuhi bado anaweza kushinda.

Kisha kuna mfumo wa Stableford, unaopendwa sana na wachezaji wa ridhaa wa klabu zetu. Dkt. Frank Stableford aliuchezesha katika klabu ya Wallasey, Uingereza, mwaka 1932. Hapo huhesabiwi mikwaju, unahesabiwa pointi: ukilimaliza shimo kwa mikwaju liliyowekewa unapata mbili, ukizidisha mmoja unapata moja, ukipunguza mmoja unapata tatu. Ukivurunda, sufuri, tia mpira mfukoni, songa mbele. Sufuri haishuki chini ya sufuri.

Uzuri wa ufundi huu huonekana unapokutana na handikapu, yaani mikwaju anayopunguziwa mchezaji kulingana na kiwango chake. Mtazame mwenye handikapu 24 akicheza na mwenye 2 kwenye shimo gumu la mikwaju minne, la tatu kwa ugumu kati ya 18. Wa kwanza hupunguziwa mkwaju mmoja kila shimo, na mmoja zaidi kwenye mashimo sita magumu kuliko yote, kwa hiyo hapa anapunguziwa miwili. Wa pili anapunguziwa kwenye mawili magumu zaidi tu, kwa hiyo hapa hapati kitu. Wa kwanza anapiga sita, wa pili nne. Kwenye kadi, kila mmoja ana pointi mbili. Hakuna aliyehurumiwa, kila mmoja amepimwa kwa kiasi cha uwezo wake.

Na kwa wageni kabisa kuna skrambo: wote wa timu hupiga, huchagua mpira uliokaa vizuri zaidi, kisha wote hupiga tena kutoka hapo. Kosa la mmoja humezwa na wenzake.

Ndiyo maana namsifu mpangaji wa mashindano, ambaye jina lake haliandikwi kwenye kombe. Kabla mpira wa kwanza haujapigwa, yeye ameshaamua nani asamehewe, kwa kiasi gani, na nani abebe mzigo wake peke yake. Uamuzi huo si wa gofu pekee. Anayeandaa kombe la kijiji huko Migori au Homa Bay angefanya vyema kuupima: akiweka makundi kabla ya mtoano, timu iliyotoka mbali itapata nafasi ya kupoteza mechi moja na bado kuonyesha inachokijua.