Ufundi wa Kukabidhi Mgonjwa

Kukabidhi mgonjwa ni kumwachia daktari mwingine dhamana yake, pamoja na habari zitakazomwezesha kuibeba. Hufanyika zamu inapobadilika, mgonjwa anapotoka chumba cha upasuaji kwenda wodini, na anapopewa rufaa. Kazi yenyewe ni ya ulimi na sikio, haina kisu wala mashine, na huenda ndiyo sababu wachache huihesabu kuwa ufundi.

Katika hospitali za rufaa za mikoa, ile ya Morogoro ikiwamo, siku huanza kwa ripoti ya asubuhi. Daktari aliyekesha hutaja waliolazwa, waliozidiwa na waliofariki, kisha raundi huanza. Jioni mambo huwa mafupi zaidi, na hapo ndipo fundi hujulikana. Mmoja atasema, “Kitanda cha sita, nimonia, anaendelea na dawa.” Si uongo, lakini haisaidii. Mwingine atasema: “Mtoto wa kitanda cha sita ndiye wa kuangaliwa kuliko wote. Nimonia kali, yuko kwenye oksijeni tangu saa nane mchana. Ikishuka chini ya asilimia 90, mpigie bingwa, usingoje kukuche. Damu imepelekwa maabara, majibu bado.” Hapo anayepokea ameelezwa aanzie kwa nani, kipi hakijakamilika, na usiku unaweza kuleta nini.

Nusu ya pili ya kazi ni ya anayepokea, nayo ndiyo hupuuzwa zaidi. Mpokeaji mzuri huuliza, kisha hurudia kwa maneno yake alichokisikia. Akikosea, husahihishwa palepale. Utafiti wa hospitali tisa za watoto za Amerika Kaskazini, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kuwa mafunzo ya makabidhiano yenye mpangilio, kurudia huko kukiwa sehemu yake, yaliambatana na kupungua kwa makosa ya kitabibu kwa asilimia 23.

Huko Morogoro, milima ya Uluguru huongeza ugumu wa namna yake. Mama mjamzito anayetoka zahanati ya upande wa Mgeta au Matombo hushuka kwa barabara ambayo masika huiharibu, na siku hizi gari linaweza kuitwa kwa namba 115 ya mfumo wa m-mama. Aliyempokea kwanza hubaki na wagonjwa wake huko juu. Barua ya rufaa ndiyo itakayosema kwa niaba yake. Mama mwenye kifafa cha mimba huanzishiwa sindano ya magnesiamu kabla ya safari. Barua ikiandika “amepewa sindano” bila kipimo na saa, hospitali hubaki njia panda. Dozi ikirudiwa mapema mno, mama anaweza kushindwa kupumua; ikicheleweshwa, degedege hurudi. Ndugu aliyemsindikiza huulizwa, na mara nyingine hukumbuka vizuri kuliko karatasi, lakini si haki kumtwika mzigo huo.

Saa ina uzito uleule kwa aliyeungua. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lililopinduka Msamvu, mjini Morogoro, lililipuka na kuua watu zaidi ya 100. Majeruhi walipokewa katika hospitali ya mkoa, na makumi yao wakahamishiwa Muhimbili, Dar es Salaam, umbali wa kilomita zipatazo 190. Kwa majeraha makubwa ya moto, kanuni inayotumika sana hutaka nusu ya maji ya saa 24 za kwanza yaingie mwilini ndani ya saa 8, zikihesabiwa tangu kuungua, si tangu kufika wodini. Anayempokea mgonjwa wa namna hiyo bila kujua aliungua lini na njiani aliwekewa dripu ngapi hulazimika kukisia.

Mifumo ya kompyuta imepunguza mafaili yanayopotea na mwandiko usiosomeka. Haijaondoa haja ya mtu kumwambia mwenzake ni mgonjwa yupi anayemtia wasiwasi, na kwa nini. Daktari mtarajali husimamiwa anapojifunza kushona jeraha, na mshono mbaya hufumuliwa akarudia. Ripoti yake ya jioni inastahili ukali uleule.